Walikuja Kunipa Pole

Jumapili ile wakwe zangu walikuja Manzese kunipa pole, na mimi niliwapokea nimevaa gauni jeusi alilonichagulia mama. Kama hujawahi kumwona mwanamke mwongo kwa karibu, ungeniona mimi siku ile. Nilikaa kwenye kochi nimeinamisha kichwa, watu watatu wananipa pole kwa jambo nililolifanya mwenyewe, tena kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu.

Figo za Albano zilikufa zote mbili mwaka juzi, akiwa na miaka thelathini na mbili. Tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Anaingia asubuhi, anatoka mchana amepauka, hawezi hata kugombana na mtu. Nafuu ya kudumu ilikuwa moja tu, apate mtu wa kumpa figo, na hospitali anayotibiwa ilipokea watoaji wa aina mbili, ndugu wa damu au mume na mke. Mama yake ana sukari. Kaka yake Fredrick ana presha. Dada yake Mauwa, waliochangia mama, mumewe alimkataza kabla hata hajaulizwa. Nikabaki mimi, mchumba, ambaye si ndugu wala si mke.

Ndipo mwezi wa tatu tukaenda kufunga ndoa ya bomani. Mashahidi wawili, soda nne, picha moja ya simu, kisha kila mtu akarudi kwao mpaka padri atubariki ndipo tuhamie pamoja. Hayo yalikuwa masharti ya mama yangu, na mama yangu hajawahi kupunguza sharti.

Damu zikaoana. Vipimo vikakubali kimoja baada ya kingine, miezi mitatu mizima, na kila kilipokubali mama mkwe alilia kwa furaha kwenye simu. Mimi nilicheka naye. Kisha nikikata simu nakwenda kukaa chooni, nimejishika ubavu. Siku ya mwisho kabisa, Daktari Anna aliufunga mlango akaniketisha peke yangu.

"Loveness, kila mtoaji namuuliza peke yake," alisema. "Humu hakuna mume wala mama mkwe. Unataka kutoa, au hutaki? Ukisema hutaki, familia nitaiambia kwamba hufai kutoa, basi. Sababu sitaisema, wala hawana haki ya kuijua."

Nilifungua mdomo niseme nataka. Nikamwona dada yangu Hope akisukumwa kwenye kile kitanda cha magurudumu, tumbo kubwa, ananipungia mkono kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Alikwenda kujifungua. Hakutoka yeye, hakutoka mtoto. Ni miaka sita sasa, na mama akitaka kulitaja jina lake lazima akohoe kwanza.

Nikamwambia daktari sitaki. Nilisema kwa sauti ndogo sana, na yeye akaandika.

Basi hiyo ndiyo habari waliyoipata Ukonga, kwa kina Albano, kwamba mke wa Albano amekutwa hafai. Na watu wa Ukonga, kwa kuwa ni watu wema, hawakukaa kujililia wenyewe. Wakafunga safari kuja kumpa pole mke.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana." Bi Apolonia, mama yake Albano, alinishika mikono yote miwili akakaa pembeni yangu bila kuiachia. Ni mwanamke mfupi, Mmakonde wa Newala, mwenye macho ya upole ambayo siku ile sikuweza kuyatazama. "Tulivyosikia tu, nikamwambia Mauwa, huyo mtoto sasa hivi ameumia kuliko sie. Miezi mitatu anatobolewa sindano, halafu anaambiwa hafai. Twende tukamwone."

"Asante mama."

"Nimekuletea korosho. Nilizikaanga mwenyewe jana. Na jogoo yupo nje, kamfungeni vizuri, ana ujinga yule."

Mama yangu, Mwalimu Genoveva, alitoka jikoni na birika la chai. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, na bado akisema kitu, hata kama si kweli, unahisi umeshakiandika kwenye daftari.

"Mama Albano, Mungu ndiye anayepanga," alisema huku anamimina. "Sisi tulikuwa tayari kabisa. Mwanangu alikuwa tayari. Lakini vipimo ndivyo vilivyosema."

Nilipomwambia ukweli usiku wa siku ile ya daktari alinikumbatia akasema nimefanya vizuri, mtoto wa pili hawezi kumpeleka kwenye kisu. Simlaumu. Ila nilipomsikia anavyousema ule uongo kwa utulivu, nilijua mimi nimezaliwa na nani.

Albano alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwa amevaa lile shati la bluu tulilokwenda nalo bomani, sasa linampwaya mabegani. Mama alimpa kikombe kidogo, nusu. Kwa siku nzima anaruhusiwa maji ya kujaza chupa moja ndogo, na chai imo humo humo. Akanywa funda moja, akakiweka chini, akaniangalia. Hakuwa na lawama yoyote machoni. Alikuwa ananionea huruma, na mimi nikaona bora angenipiga.

"Sasa habari yenyewe nyingine," alisema Bi Apolonia, "ni kwamba Mauwa amekubali."

Nikainua kichwa. Mauwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtandio mabegani, anamenya korosho kana kwamba anayezungumzwa ni mtu mwingine.

"Amekubali kutoa?" mama aliuliza.

"Amekubali. Wameshampima, anafaa. Jumanne anakwenda kusaini."

"Na mumewe? Si alikataa?"

Mauwa akajibu mwenyewe. "Bado anakataa, Mwalimu. Mwishehe kaniambia, siku ukisaini hiyo karatasi, usirudi kwangu. Na Mwishehe namjua, akisema kasema. Nguo za watoto nimeshazihamishia kwa mama."

Nje vijana wa gereji ya jirani walikuwa wanagonga bati, na nilitamani wagonge zaidi.

"Watoto watatu, Mauwa," alisema mama yangu, na nilimsikia sauti inamshuka. "Mdogo ana miaka mingapi?"

"Talha? Mitatu."

"Sasa mwanangu, umefikiria nini?"

Mauwa akafuta vidole kwenye mtandio. "Mie sina sababu kubwa, Mwalimu. Watu wananiuliza, dini? Kaka alikusomesha? Hakunisomesha, hela hakuwa nayo. Ni kwamba nimechoka kumwona anapimiwa maji. Juzi Talha alimwaga kikombe cha maji pale uani. Nikamwona kaka anayaangalia yale maji yanavyozama kwenye mchanga. Mtu mzima, na ndevu zake. Nikasema basi, imetosha."

Albano aliangalia sakafuni. Bi Apolonia akaanza kulia kimya kimya, mikono yangu bado anayo.

"Angefaa huyu mkwe wangu, nyumba ya Mauwa ingepona," alisema. "Lakini ndiyo hivyo. Silaumu mtu. Mwili wa mtu hauchagui."

Sijui nilipumua vipi. Najua tu kwamba Albano alisimama akasema, "Love, tutoke kidogo, upate hewa," na mimi nikamfuata nje kama mgonjwa ni mimi.

Tulitembea polepole mpaka barabara ya Morogoro, tukapanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Alipumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Tukasimama tumeegemea chuma, magari ya mwendokasi yanapita chini yetu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa karibu na wangu. Una mshipa walioupasua na kuuunga kwa ajili ya mashine, na ukiuwekea kiganja unausikia unatetemeka ndani kwa ndani. Nilikuwa napenda kuuwekea shavu. Tangu waunge, haruhusiwi kupiga nyundo wala kubeba kizito, yeye aliyekuwa anachonga mpingo toka asubuhi mpaka jua linazama. Siku hizi anawapigia wenzake msasa.

"Umekonda," alisema.

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

Akacheka kidogo. Nilipenda anavyocheka kabla sijampenda yeye.

"Love, nina neno. Usinikatize mpaka niishe."

"Sema."

"Sie tulikwenda bomani kwa ajili ya figo."

"Wewe ndiye uliyekwenda kwa ajili ya figo. Mie nilikwenda kwa ajili yako."

"Nimesema usinikatize. Mie pia nilikwenda kwa ajili yako, na unajua. Lakini ingekuwa si figo, tungesubiri padri. Sasa figo haikuwezekana. Cheti kile kisikufunge. Mauwa akinipa na ikakubali, sawa, tutaongea. Ikikataa je? Una miaka ishirini na nane. Utakuwa mjane wa bomani, hata kanisani hujafika."

"Unaniacha, Albano?"

"Nakuachia. Si kitu kimoja."

"Kwangu ni kitu kimoja."

Aliniangalia kwa muda mrefu, yale macho yake yaliyovimba chini. Akanishika shavu kwa mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi, na ngozi ya kiganja imelainika. Zamani ilikuwa inakwaruza.

"Usilie. Sikiliza nikuambie kitu. Mie kule kwenye mashine nimelala na watu miaka miwili. Kuna mzee watoto wake saba, hakuna hata mmoja aliyekwenda kupima. Saba, Love. Mie nina mtu aliyekwenda hospitali mara kumi na moja kwa ajili yangu. Nimehesabu. Hata nikifa kesho, nitakufa najua kuna mtu alitaka."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenitukana ningeweza kuvumilia mpaka kaburini. Lakini alikuwa anajipanga kufa huku amekumbatia uongo wangu, na Jumanne dada yake anapoteza nyumba.

"Nilifaa," nilisema.

"Ulifaa nini?"

"Vipimo vilikubali vyote. Daktari aliniuliza peke yangu kama nataka, nikasema sitaki. Yeye ndiye aliyesema wataambiwa sifai. Wanafanyaga hivyo kumlinda mtu."

Mkono wake ulitoka kwenye shavu langu. Hakuuondoa kwa hasira. Ulishuka tu. Akageukia barabara, na basi moja likapita, na lingine.

"Kwa hiyo ungeweza," alisema.

"Ningeweza. Niliogopa."

"Hope?"

"Hope. Na mie mwenyewe. Nisikudanganye tena, hata bila Hope ningeogopa."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Unakumbuka tulipoanza? Nilikuambia usitoe. Wewe ndiye uliyelia ukasema sikupendi ndiyo maana nakataa. Ungekuja ukaniambia, Albano, naogopa, unadhani ningekufanya nini?"

"Nilidhani utaniacha."

"Ningekushika mkono, basi. Nani asiyeogopa kupasuliwa?" Sauti ilikuwa ileile ya chini, ila imekauka. "Kuogopa nakusamehe sasa hivi, hapa hapa. Lakini mama yangu yupo kwenu analia amekushika mikono. Korosho zile ndizo za mwisho alizoletewa kutoka Newala. Na Mauwa alikuwa anasubiri kwa kuwa wewe upo, Love. Amekubali baada ya kuambiwa hufai. Hilo hukuliona?"

Nililiona. Ndiyo maana nilikuwa nalia.

"Kesho nitarudi kwa Daktari Anna," nilisema haraka. "Nitamwambia nimebadili mawazo. Nitatoa. Mauwa asisaini."

"Unataka?"

"Nitatoa, nimesema."

"Sijakuuliza kama utatoa. Niangalie. Unataka?"

Nikamwangalia. Mikono yangu ilikuwa imeshika chuma cha daraja na jasho linanitoka mpaka kwenye kope. Nataka ni neno dogo, mtoto wa miaka miwili analisema. Na Mungu anisamehe, pale pale moyoni mwangu nilikuwa naomba akatae. Niliomba kabisa, kwa maneno.

Alikaona kale kaombi. Sijui alikaonaje, lakini nilimwona anavyokaona.

"Hapana," alisema. "Mie sitaki kiungo cha mtu aliyetoa kwa aibu. Nitakuwa naamka asubuhi nakuangalia kama mtu niliyemwibia, na wewe utakuwa unaniangalia hivyo hivyo. Mauwa ameniambia anataka, na nimeona anataka. Nitachukua ya Mauwa."

"Na nyumba yake?"

Akakunja ile mikono ya shati la bluu, akaanza kushuka ngazi, akiwa amejishikilia pembeni. Nilitaka nimshike kiwiko, akanikwepa kwa adabu, kama unavyomkwepa mtu mgeni.

Tulipofika chini alisimama. "Mama sitamwambia. Nitasema tumeachana kwa sababu ya ugonjwa wangu. Wewe nyamaza tu, tutaaga, tutaondoka."

Alikuwa ananipa mlango mwingine wa kutokea, kama alivyonipa daktari. Tulitembea hatua zaidi ya mia mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa nautamani ule mlango. Nitasema ukweli, nilikuwa nimeshaupitia nusu. Kilichonirudisha ni Mauwa. Tulimkuta uani kwetu amechuchumaa, anamwekea jogoo maji kwenye kopo, ametulia, siku mbili kabla ya kuachwa.

"Wifi, ingia ndani," nilimwambia. "Nina neno."

Bi Apolonia alikuwa ameshasimama kuaga. Alipotuona akatabasamu, akanyoosha mikono tena anikumbatie. Nikarudi nyuma.

"Mama, usinishike. Nisikilize kwanza."

"Loveness," alisema mama yangu. "Kaa kimya."

Ilikuwa sauti ya darasani. Miaka ishirini na nane nimeitii sauti ile.

"Mie nilifaa, mama," nilimwambia Bi Apolonia. "Vipimo havikunikataa. Nilikataa mwenyewe. Daktari alinificha, mama yangu akanificha, na mimi nikakaa hapa mkanipa pole."

Bi Apolonia hakuelewa mara moja. Alimwangalia Albano, akamwangalia mama yangu, akitafuta mtu wa kumwambia kwamba mkwe wake amechanganyikiwa kwa huzuni. Mama yangu akakohoa. Akainama, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Ndipo Bi Apolonia alipoelewa. Alikaa tena kwenye kochi, mikono ameilaza mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Tumekuja mpaka huku," alisema.

"Mauwa, usisaini Jumanne," nilisema. "Rudi kwa Mwishehe. Mie nitakwenda..."

"Hatakwenda," alisema Albano kutoka mlangoni. "Nimeshamkatalia."

Mauwa alikuwa amesimama katikati ya chumba, kopo bado mkononi. Nilingoja matusi. Wanawake wa Ukonga wanajua kutukana, na mimi nilikuwa nimestahili yote.

"Ulikuwa unaogopa nini, wifi?" aliniuliza.

"Kufa."

"Na mie naogopa kufa."

Alilisema kama unavyosema una njaa. Albano akageuza uso nje.

"Mauwa, mwanangu," alisema Bi Apolonia, "kama hutaki, bado siku mbili."

"Nataka, mama. Kuogopa naogopa, na nataka." Akaliweka kopo mezani. "Mwishehe alishaanza kutafuta njia ya kuondoka kabla ya figo hii, nyie hamjui tu. Lakini ningependa aondoke yeye mwenyewe, nisiwe mimi niliyempa sababu. Hilo, wifi, ndilo ulilonichukulia. Nikulipishe nini? Huna."

Albano alitoka. Nilimsikia akimwambia mama yangu kwaheri Mwalimu, kwa heshima zote, kisha hatua zake zikapotea kuelekea kituoni. Sikumkimbilia. Kwa miguu ile anayotembelea ningemfikia kabla ya kona, na ningemwambia nini?

Bi Apolonia alimfuata mwanawe bila kuaga mtu. Mauwa akabaki anajifunga mtandio vizuri.

"Wiki ya upasuaji mama atakuwa hospitali na sie," alisema. "Mwishehe hatakaa na watoto. Utakuja Ukonga ukae nao wewe."

"Mimi?"

"Kuna mwingine? Utawapikia, wakubwa utawapeleka shule. Talha hali ugali wa moto, mpozee kwanza. Na usiku analilia maji, mpe, mpe mpaka ashibe."

"Nitakuja, wifi."

Alinisogelea, akanikazia macho, na nikaona midomo yake inacheza kidogo, kitu ambacho alikuwa amekificha kwa kila mtu mle ndani.

"Nisipotoka, wewe ndiye utakayewaambia," alisema. "Usimtume mtu."

"Sitamtuma mtu."